Jarit Hafungwi

Kwenye kituo kimoja cha kuzalisha vifaranga wa samaki, nje kidogo ya Usenge, relei ya pampu, kile kifaa cha kuzima mota ikiwa hatarini, haikuitwa relei. Iliitwa jarit, yaani mlinzi kwa Kijaluo, kama yule wa rungu anayekaa langoni. Jarit amezima mashine. Jarit amelala. Jarit ana wazimu leo. Na jarit aliposumbua, dawa yake ilikuwa moja, tena ilijulikana ufuo mzima: anafungwa. Unachukua kipande cha waya, unakikaza kati ya skrubu namba tisini na tano na skrubu namba tisini na sita, na kuanzia hapo mlinzi anaona kila kitu lakini hawezi kupiga kelele. Mashine inaendelea. Watu wanafurahi.

Mimi nilikataa kumfunga. Wako waliosema nina kichwa kigumu, na mpaka leo wanasema. Naandika haya nikiwa na kichwa kilekile.

Niliacha shule kidato cha pili. Sikufukuzwa, wala sitasingizia karo, ingawa karo ilikosekana mara nyingi. Mwalimu wetu wa fizikia alichora mota ubaoni, nikamwuliza kwa nini mota hunguruma kabla ya kuungua, akaniambia hilo haliko kwenye mtihani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na silabasi ya kumaliza na darasa lililojaa. Lakini mimi nililitaka jibu la mngurumo, na nilihisi liko nje ya lile geti. Nikatoka kulitafuta. Nimekuwa nikitoka mahali tangu wakati huo. Nimesuka waya za mota chini ya mabati pale Mamboleo, nimepakua samaki Port Victoria, nimetengeneza friji za watu walionilipa kwa chakula. Jamaa zangu huniuliza nitatulia lini. Nawajibu kwamba hata maji yakitulia sana yanaota magugu.

Kuhusu relei nilifundishwa na injinia mmoja, mwanamke, katika kiwanda cha samaki mjini Kisumu ambako niliajiriwa kufagia. Aliniona nikichungulia kwenye kabati za umeme, na badala ya kunifukuza akanipa relei zilizokufa nizifungue. Ndani ya zile za zamani nilikuta vibamba vyembamba, kila kimoja metali mbili zilizobanwa pamoja. Umeme ukizidi vinapata joto, vikipata joto vinapinda, vikipinda vinasukuma kijiti kinachokata umeme. Nilikaa na hicho kitu mkononi kama mtoto aliyefungua redio. Lakini yeye akaniambia nisikipende sana, kwa sababu kinajua jambo moja tu, nalo ni joto.

Siku moja akanionyesha jenereta mbili zilizokuwa zikifanya kazi pamoja. Moja iliishiwa dizeli na bado ikaendelea kuzunguka vizuri kabisa, kwa sababu ile nyingine ilikuwa inaisukuma. Jenereta ilikuwa imegeuka mota bila mtu kujua. Kwa macho na masikio ilikuwa hai. Relei iliyowekwa kuangalia umeme unaorudi kinyumenyume ndiyo iliyoikata. "Ukichagua relei," injinia aliniambia, "usiulize tu mashine ina nguvu kiasi gani. Uliza itakufa kwa kitu gani." Maneno hayo nimetembea nayo kuliko viatu vyovyote nilivyowahi kununua.

Nilifika Usenge nikisindikiza mota iliyosukwa upya Mamboleo. Ilikuwa niifunge, niijaribu, nirudi. Mwenye kituo alikuwa mjane ambaye sote tulimwita Mama, hata waliomzidi umri. Aliuza mbuta ufuoni kwa miaka mingi, na mbuta walipoadimika akasema kama ziwa limechoka kuzaa, atazalisha mwenyewe. Akajenga matangi ya saruji na kuanza kuzalisha vifaranga wa ngege, wadogo kama mbegu za papai, wa kuwauzia watu wenye mabwawa. Pampu moja ilivuta maji ziwani na kuyapandisha kwenye matangi. Pampu ikisimama, hewa inaisha majini, na vifaranga wanapanda juu midomo wazi. Baada ya hapo wanakufa.

Alikwisha kupoteza vizazi viwili hivyo, kila kimoja na mota yake iliyoungua. Wateja walianza kusema vifaranga wa Mama ni wa kusimuliwa tu. Sasa kizazi cha tatu kilikuwa kimetoka kwenye mayai siku chache kabla sijafika, kikiponea maji ya ndoo, na aliniambia wazi, akiwa amesimama mlangoni mwa kibanda cha pampu: "Fundi, hawa wakienda, mimi pia nimekwenda. Hakuna mtu ataagiza mara ya nne."

Nilifungua pampu kabla ya kugusa mota. Sili, ile pete inayozuia maji yasitoke kwenye mhimili, ilikuwa nyeusi na imepasuka. Pete hiyo hupozwa na maji yaleyale inayoyazuia. Ikiwa nyeusi, maana yake pampu imezunguka bila maji. Ilipopasuka, maji yaliporudi yalirukia beringi ya mota, beringi ikashika kutu, ikakwama, na mota ikaungua ikijaribu kuizungusha. Kisha nikafungua kabati la umeme, nikakuta waya kati ya tisini na tano na tisini na sita.

"Nani alifunga hii?"

"Mimi," alijibu msimamizi wa mitambo. Alikuwa shemeji yake Mama, ndugu wa marehemu mumewe, mvuvi wa zamani mwenye mabega kama mlango. Tulimwita Jaduong', jina la heshima la mzee, ingawa mvi zilikuwa bado kumfikia. "Jarit alikuwa anazima ovyo. Wewe ukiwa na mbwa anabwekea mpaka wenye boma, utafanya nini?"

"Nitaangalia kwanza anabweka kwa nini."

"Ero! Mwalimu wa mbwa amefika," akawaambia wafanyakazi, nao wakacheka mpaka mmoja akaketi chini.

Ukweli ni kwamba jarit yule wa zamani alipozima alikuwa sahihi. Beringi ilikuwa imeshika na mota ilikuwa inavuta umeme mwingi. Lakini alichelewa. Madhara yalikuwa yameanza mapema zaidi, mchana, mbele ya macho ya kila mtu, na kila mtu alikuwa amefurahi.

Niseme walifurahia nini. Kwenye kabati kulikuwa na mita yenye mshale wa ampea. Asubuhi mshale ulikaa kumi na nane. Mchana, siku nyingine, uliteremka mpaka kumi na moja, na hapo waliitana: "Njooni muone, leo mashine imekuwa nyepesi!" Jaduong' alinieleza kwa fahari kwamba mota ikishapata joto inazoea kazi, inakula umeme kidogo, na kwamba mota ya namna hiyo ni ya kushukuru Mungu. Hata kwenye maombi ya Jumapili, aliniambia, waliwahi kuitaja.

Siwacheki. Ukiona mtu anahema, unasema amebeba mzigo mzito. Ukimwona anatembea haraka haraka, unasema amepata nguvu. Lakini kila mwanamke wa ufuo ule anajua sababu nyingine ya mtu kutembea haraka na mtungi kichwani: mtungi ni mtupu. Pampu ya namna ile ikikosa maji haihangaiki. Inakuwa nyepesi kweli. Inazunguka, inaimba, na sili inaungua. Na mlinzi wao wa vibamba vya metali alifundishwa kumkamata anayeingia na mzigo mkubwa. Huyu mwenye mikono mitupu alimpigia saluti.

Kwa nini mchana tu? Hilo nalo nilitaka kulijua, kwa hiyo nilipokwisha kuweka sili mpya na mota na kuung'oa ule waya, sikurudi Mamboleo. Niliketi kwenye jiwe karibu na bomba la kuvutia maji, nikakaa kama mtu asiye na kazi, na kwa hesabu ya wengi sikuwa nayo. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Baada ya chakula cha mchana unageuka, unatoka ziwani kuja ufuoni, na unaleta magugu maji. Niliyaona yakija, kisiwa kizima cha kijani chenye maua ya zambarau na ndege juu yake, yakaegemea ufuo kama ng'ombe wanaojikuna ukutani. Nikaingia majini mpaka kifuani na kupapasa chini. Mizizi ilikuwa imelivaa bomba kama ndevu.

Nilimweleza Mama kwamba tunahitaji relei ya aina nyingine, ya elektroniki, inayozima umeme ukizidi na pia ukipungua. Jaduong' aliuliza ni mlinzi gani anakamata watu kwa kosa la kutobeba kitu. Mama akasema niende Kisumu kuinunua.

Muuza vifaa wa Kisumu hakuniuliza itakufa kwa kitu gani. Aliniuliza horsepawa, yaani nguvu ya mota.

"Nipe horsepawa nikupe relei. Hivyo ndivyo dunia inakwenda."

"Hii inavuta maji ya ziwa. Nataka inayosoma umeme ukishuka."

"Ukishuka si ndiyo vizuri? Bili inashuka pia." Wateja wengine wakacheka. "Bwana, una cheti cha umeme?"

"Sina."

"Sasa nani alikuambia kuna relei ya mambo hayo?"

"Iko nyuma yako, rafu ya pili, kwenye boksi lenye vumbi. Hakuna aliyekuuliza, ndiyo sababu ina vumbi."

Akaichukua, akaipuliza, akasoma ubavuni. "Kumbe," alisema. Kisha akatoa kicheko kizuri, akanipa kiti, na tukaisoma karatasi yake pamoja, kwa sababu palikuwa na mchoro ambao mimi peke yangu nisingeuelewa. Alikuwa na akili yule. Alikuwa hajaulizwa tu.

Niliiweka kabatini. Nikaiambia ikiona chini ya ampea kumi na nne kwa sekunde kadhaa, izime. Sekunde hizo niliziweka ili kiputo kimoja cha hewa bombani kisituzimie mashine bure. Kwa siku kadhaa jarit huyu mpya alizima mara moja moja mchana, tukatoa magugu, tukawasha. Kila alipozima, Jaduong' alitangaza kwamba fundi ametuletea jarit mwoga, anayetishwa na majani. Wafanyakazi walianza kumwigiza jarit, wakiona jani wanakimbia wakipiga mayowe. Mimi pia nilicheka. Ilichekesha.

Kisha ikaja siku ambayo upepo uligeuka mapema na haukupungua. Magugu yalijaa ufuo mpaka hukuona maji. Jarit akazima. Tukatoa tulichoweza, tukawasha, mshale ukapanda kumi na sita, ukateleza kumi na mbili, akazima. Tukawasha tena. Akazima tena. Kule kwenye matangi mfanyakazi mmoja alipiga kelele kwamba vifaranga wanapanda juu.

Jaduong' alikuja na waya mkononi na bisibisi kinywani. Nilisimama mbele ya kabati.

"Ondoka, omera, ndugu yangu."

"Huyu hafungwi."

"Samaki wanakufa na wewe unalinda boksi la plastiki!"

"Nalinda pampu. Ikiungua leo, hakuna maji leo, kesho wala mwezi ujao."

"Ikizunguka inaleta maji. Umeona mwenyewe, kidogo yanakuja!"

Hapo alisema kweli. Kidogo yalikuwa yakija, na kidogo yangeweza kutosha. Hilo ndilo lililokuwa gumu, na sitaki mtu afikiri nilikuwa na jibu safi mfukoni. Nilikuwa na fyuzi. Niliichomoa kwenye kabati, ile inayolisha swichi zote ndogo, na mashine nzima ikawa haina wa kuiamrisha.

"Mama!" Jaduong' aliita kwa sauti ya kuvuka ghuba. "Njoo uone! Mtu uliyemwokota njiani ameiba umeme wako!"

Mama alikuja akikimbia, viatu mkononi. Alitazama matangi, akatazama kabati, akanitazama mimi.

"Fundi, funga hicho kitu. Funga leo tu."

"Hapana, Mama."

Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo hapo kwake.

"Ni mashine yangu."

"Ni yako. Fyuzi hii hapa." Nikaiweka kiganjani mwake. "Mfunge wewe, au mfungishe Jaduong'. Mkono wangu haufungi. Niliona ile sili ya kwanza na niliona mota, na nikimfunga huyu nitakuwa nimeunguza ya tatu kwa mkono wangu nikijua."

"Ikizunguka hivi hivi, maji yatakuja kwa muda gani?"

"Sijui. Labda mpaka jioni. Labda sili imeanza kupasuka sasa hivi."

"Hujui."

"Sijui, Mama. Jaduong' pia hajui. Jarit peke yake ndiye anayesoma kilichomo bombani, na amesema hakuna maji."

Sijui ni kitu gani kilimgeuza. Huenda ni kule kusikia mtu akisema hajui, maana mafundi wote waliotangulia walijua. Alifunga fyuzi kwenye ncha ya leso yake, akakaza fundo kwa meno, na akageukia ufuo wa jirani ambako wanawake walikuwa wakigeuza omena, wale dagaa wa ziwani, juani. Aliwaita mmoja mmoja kwa majina ya watoto wao wa kwanza. Walikuja na ndoo, besheni, masufuria, na mmoja na karai la kukaangia.

Alichotuamuru sikuwahi kukisoma kwenye karatasi yoyote. Tusilete maji, maana ufuo ulikuwa mbali na magugu yalikuwa mengi. Tuchote maji ya matangi yenyewe, tuinue mpaka juu ya kichwa, tuyamwage. Maji yakianguka yanabeba hewa. Tukazunguka matangi tukichota na kumwaga, tumelowa, wanawake wakitukanana kwa furaha.

"Inua juu, wewe! Unamwaga kama unayenawisha mgeni!"

"Mgongo wangu una umri, mama!"

"Uzee wako ulikuwa wapi jana ukicheza kanisani?"

Na Jaduong'? Alitupa waya. Alivua shati, akachukua panga, akaingia chini ya magugu yale, mahali ambapo mimi nisingeingia kwa kuwa siogelei vizuri na kiboko hana adabu. Alikata njia. Aliibuka, akavuta pumzi, akazama. Kumbe mizizi haikuwa peke yake. Kipande cha wavu wa mtu kilikuwa kimejizungusha kwenye mdomo wa bomba, na hakuna mita duniani ingeniambia hivyo. Aliuchana, kisha yeye na wengine wawili wakalisukuma bomba mbele zaidi, kwenye mkondo ambao alisema magugu huwa hayakai kwa sababu maji yake hutembea. Aliujua tangu uvuvi.

Mama alifungua fundo la leso. Nikarudisha fyuzi, nikabonyeza. Mshale ulipanda mpaka kumi na nane, ukatetemeka, ukakaa. Hakuna aliyeiita mashine nyepesi. Tulikuwa tukisikiliza maji yakianguka matangini.

Tangi la mwisho, lile la mbali ambalo mikono ilichelewa kulifikia, lilikuwa limekufa lote. Vifaranga walielea kama makapi ya mtama. Mengine yalipona. Jaduong' alisimama juu ya lile tangi, maji yakimtiririka mgongoni, akasema bila kunitazama, "Hawa wangeishi."

"Huenda," nilisema.

"Huenda! Sema wangeishi."

"Huenda wangeishi. Na wale wengine huenda wangekufa."

Mama alinipa chandarua cha kuopolea. "Hawa ni wako, Fundi. Waopoe mwenyewe."

Nikawaopoa. Sikuinamisha uso wala sikuomba msamaha, na mtu akiniuliza leo kama ningefanya vingine, nitamwambia hapana, kisha nitamwambia pia kwamba walikuwa wengi na kwamba niliwatazama. Mambo yote mawili yanakaa ndani yangu bila kugombana.

Nilipokuwa nikimwaga chandarua cha mwisho shimoni, upepo bado ulikuwa ukivuma kutoka ziwani. Mama alikuja akasimama kando yangu.

"Kesho akizima tena?"

"Atakuwa amesema kweli tena."

Kisha akamgeukia shemeji yake, aliyekuwa akisokota shati lake kukamua maji. "Jaduong', kesho wewe ukae na panga kwenye bomba tangu mchana. Fundi akae na kabati. Na mwenye mkono wa kufunga jarit," akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye omena, "aanze kunifunga mimi."

Jaduong' aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu alipotoka majini.

"Umesikia, mwalimu wa mbwa?" alisema. "Uje mapema."